Shamba lenye kona nyingi: futi kamba au GPS ya simu?

Futi kamba haihitaji chaji. Ligawe shamba pembetatu, kisha kila moja pima kitako na kimo, kimo kikikata kitako kwa pembe mraba. Kitako mita 40, kimo 30: zidisha, gawanya kwa 2, unapata mita za mraba 600. Jumlisha zote, gawanya kwa 4,047 upate ekari. Ila unahitaji mtu wa kukushikia, na mpaka unaofuata mto utakutesa.

Hapo simu inashinda: unatembea mpakani, programu inachora. Lakini GPS yake hukosea mita kadhaa, hasa chini ya miembe. Kwenye ekari 10 si neno. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni ugomvi na jirani. Unakadiria mbegu? Simu yatosha. Unauza kipande? Vuta kamba, na ya hati mwachie mpima ardhi aliyesajiliwa.