Msaidizi wa sheria (si wakili) wa shehia yetu, Mtambwe (Pemba): nyota nne

Baba alipewa eka tatu mwaka 1967, wakati Mzee Karume akigawa mashamba baada ya Mapinduzi. Sote saba tumelelewa na mikarafuu ile. Mwezi uliopita dalali alimjia kaka na karatasi ya Kiingereza: kampuni inataka kukodi shamba miaka 30, ipande viungo. "Weka dole gumba hapa, pesa kesho."

Nikamshika mkono kaka, tukenda kwa msaidizi wa sheria. Hatozi hata shilingi. Alitusomea karatasi ile kwa Kiswahili chetu kuanzia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, na kila alipofika pazito alimgeukia kaka: "Umefahamu nini hapo, mzee wangu?" Kuitikia tu hakukumtosha. Ndipo tulipojua fidia ni ya mikarafuu peke yake. Migomba na muhogo havimo. Minazi sita ya mama nayo haimo, na kwetu mti una mwenyewe mbali na ardhi! Tena njia ya kisimani, wanayopita nyumba nyengine nne, ingefungwa.

Akatueleza kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya umma, sisi tuna haki ya kuitumia kwa sheria ya 1992, na mashamba ya eka tatu ya mgao kama letu hayahamishwi bila idhini ya serikali. Nina miaka 52, sikuwahi kuambiwa hayo.

Siku ya pili akaja shamba mwenyewe. Tulihesabu mikarafuu 38 inayozaa na miche 9, akaandika, sheha (mkuu wa shehia) na majirani wawili wakatia saini. Karatasi hiyo nimeiweka pamoja na hati ya baba.

Kasoro ni siku: hufungua Jumanne na Jumamosi tu, na msimu wa karafuu watu wako juu ya miti. Fotokopi mpaka Wete mjini, nauli juu yako. Na mambo yakifika Mahakama ya Ardhi, yeye hukuelekeza tu, hasimami badala yako.

Kaka hajaweka dole. Dalali bado anapiga simu.

Mkenda, chukueni hati yenyewe, si nakala, na warithi wote mnaoweza kukusanyika. Mama zenu msiwaache nyumbani. Mpaka wa shamba letu aliyeukumbuka mti kwa mti ni mama.