TAHADHARI: "Safari ya Kisite" inayouzwa ufukweni Diani haifiki Kisite

Yule jamaa aliyewadanganya watu Pasaka amerudi Diani na anauza ile ile safari ya boti ya kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite, "Kisite, kila kitu ndani". Msimpe hata shilingi!

Anavyofunga watu macho ni hivi. Mnateremshwa Shimoni, mnapitishwa gatini mbio mbio, tikiti za hifadhi anasema "zishashughulikiwa". Boti inakata mkondo, inaambaa na kisiwa cha Wasini, na dakika kumi hazijaisha injini inazimwa. Kapteni anatupa nanga juu ya matumbawe, unaisikia kabisa inavyokwaruza, naye ananyoosha mkono: "Kisite hiyo, rukeni!" Mgeni anavaa miwani, anaona samaki watatu wanne na mchanga uliotibuka, anarudi botini akishukuru. Anashukuru! Kisite iko kusini, nyuma ya Wasini, upande wa visiwa vya Mpunguti ya Juu na ya Chini, na kisiwa chenyewe ni mwamba usio na nyumba. Ukiinua kichwa ukaona mibuyu na mapaa ya watu, bado uko Wasini.

Msiwacheke waliolipa. Ana kitambulisho shingoni na picha za pomboo. Bei yake si ya kutupa, iko chini kidogo tu ya wenzake, na kwanza anaomba nusu. Hata saa ya maji kupwa anakutajia bila kukosea. Sisi wa pwani hii tumemwamini, na inatuuma kusema, sembuse mtu wa Nakuru aliyekuja na watoto.

Kaa na wali wa nazi mliambiwa vimo. Mkishanawa mikono bili inaletwa. Kiingilio cha bustani ya matumbawe pale Wasini anakusanya yeye, na kina mama wanaoitunza ile njia ya mbao hawakioni.

Safari hii asikanywe tu na wazee wa ufukwe. Apelekwe polisi, avuliwe kitambulisho, arudishe pesa ya kila kichwa, na kapteni wake asikanyage gati tena! Tumbawe linalovunjwa na nanga moja limeota miaka mingi.

Dalili zake: anataka M-Pesa kwa nambari yake mwenyewe. Ada ya hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, basi idai risiti ya siku hiyo kabla hamjapanda, iwe na watu wote mlio nao. Kisite boti hufungwa kwenye boya, haitupi nanga. Fungu la mchanga anakuahidi siku yoyote, na fungu hutoka maji yakipwa, tena bamvua, maji yanapopwa sana, ndiyo hulitoa vizuri. Maji mafu, yasipopwa sana, msilitegemee. Akikuapia kwamba Julai, kusi likivuma, nje ya Wasini ni shwari, ondokeni. Na jaketi za kuokolea zihesabiwe gatini, za watoto kando, kwa sababu anabeba za watu wazima tupu na mtoto huchomoka ndani yake akiingia majini.