Programu za kusafisha sauti za santuri: ipi ununue ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Kabla hujalipia programu yoyote ya kusafisha santuri, ijaribu kwanza kwa omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya wenye chupa ya Fanta inayogongwa na kukwaruzwa kando ya gitaa. Programu hutambua mkwaruzo kwa kutafuta mlio mfupi na mkali unaochomoza ghafla kwenye wimbi la sauti. Chupa nayo hulia hivyo hivyo. Hata gitaa la solo la benga, kila noti huanza kwa mdonoo wa namna hiyo. Zipo faili nyingi zinazozunguka kwenye WhatsApp ambazo tik-tik imekwisha kweli, lakini gitaa limekuwa butu na chupa haisikiki tena. Inauma, maana baadhi ya santuri hizo huenda hazina nakala nyingine.

Kwa hiyo nimezipanga programu nne kwa kupima mambo mawili: je, utaweza kuchunguza kile programu inachokiondoa, na rekodi ya asili inabaki salama?

Ya kwanza: VinylStudio. Imetengenezwa na AlpineSoft mahususi kwa kazi hii, na inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Unailipia mara moja tu, takriban dola 30 kwa toleo la kawaida, yaani kama shilingi 3,900. Inarekodi, inakata upande mzima kuwa nyimbo, inaandika majina na kuondoa mipasuko, yote mahali pamoja. Kilichoipa nafasi hii ni kwamba haigusi rekodi ya asili: marekebisho huwekwa pembeni, na ukigundua baada ya mwezi kwamba ulisafisha kupita kiasi, unayarudisha nyuma. Huweza kutafuta majina ya nyimbo kwenye Discogs, orodha kubwa ya santuri mtandaoni, ila kwa santuri za huku uwe tayari kuandika mwenyewe kutoka kwenye lebo. Ijaribu bila malipo kwanza.

Ya pili: Audacity. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2000, na inakubali Windows, Mac na Linux. Kama una santuri chache, usinunue kitu kingine. Inadai subira tu. Kifaa chake cha kuondoa mipasuko, Click Removal, huja kikiwa kimewekwa 200 kwa kizingiti na 20 kwa upana wa mlio. Kwa benga, pandisha kizingiti na upunguze upana, ili kiguse ile mikali tu. Mpasuko mmoja sugu uchague kwa mkono na utumie Repair, ambayo hutengeneza hadi sampuli 128 (vipande vidogo sana vya sauti) kwa mara moja. Ukitaka kusikia kilichotolewa, nakili wimbo, safisha nakala, igeuze kwa Invert, kisha cheza zote mbili pamoja. Zile sehemu zinazofanana hufutana na kinabaki kile kilichoondolewa peke yake. Ukisikia gitaa humo, legeza.

Hatari ya Audacity ni kwamba ukifunga mradi, huwezi tena kutengua hatua ulizopita. Hifadhi faili ya WAV ghafi, yaani rekodi ambayo haijasafishwa, mahali pengine kabla ya kugusa chochote.

Kwa single za 45, Audacity ina faida moja zaidi. Nyimbo nyingi za benga ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Kuziunganisha hapa ni rahisi, na hata mwenye VinylStudio namshauri awe nayo kwa kazi hiyo. Santuri za mono nazo, unganisha chaneli mbili kuwa moja kabla ya kusafisha. Kelele nyingi za sindano kupanda na kushuka kwenye mfereji hufutika zenyewe.

Ya tatu: iZotope RX. Kwa uwezo, hakuna inayoifikia hapa. Ina alama ya kukusikilizisha mipasuko peke yake, na unaiona kelele kwenye picha ya masafa. Lakini toleo la Standard la RX 11, lililotoka 2024, bei yake ya kawaida ni dola 399, zaidi ya shilingi 50,000. Toleo dogo la Elements ni nafuu, ila halina De-crackle, kifaa cha kuondoa michakacho unachokihitaji hasa kwa santuri iliyochakaa. Inafaa studio, redio au anayelipwa kwa kazi hii.

Ya mwisho: Adobe Audition. Nzuri, lakini ni ya kulipia kila mwezi, takriban dola 23. Kasha la santuri huchukua miezi mingi. Iache.

Programu yoyote utakayochagua itapunguziwa kazi ukianza na santuri yenyewe. Unyevu wa ziwa huleta ukungu, na ukungu huongeza michakacho. Osha kwa maji safi ya betri yanayouzwa petroli stesheni (maji, si asidi) na kitambaa laini, bila kulowesha lebo. Hakikisha mashine inapitia priamp ya phono (kikuza sauti maalum cha santuri), la sivyo besi itakuwa hafifu na sauti nyembamba. Ukisikia mvumo mzito, huenda ni stima ya hezi 50: chomoa chaja, rekodi kwa betri ya laptopu. Hilo litakuokoa pia stima ikipotea katikati ya wimbo.

Kulipa si shida tena. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inatumika mtandaoni kama Visa yoyote. Nunua kwenye tovuti ya mtengenezaji, na usikubali fundi akuwekee nakala ya wizi, kwani nyingi huja na virusi. Ufunguo wa leseni utakuja kwa barua pepe. Uhifadhi, kwa sababu ukibadilisha laptopu utaombwa tena.