Ripoti za akina mama hazitoki tena kwenye laptopu yangu: uzoefu wangu na Pandoc

Nina meza ya kupiga chapa hapa Chake Chake, na kazi yangu khasa ni karatasi za watu: maombi ya kazi, mikataba ya mashamba ya mikarafuu, madai ya mirathi, barua za kupeleka kwa Kadhi. Kwa muda sasa natunza pia tovuti ndogo ya kikundi cha wasaidizi wa sheria, akina mama wanaowasikiliza wajane na wanawake walioachwa bila ya matunzo ya watoto. Huniletea ripoti zao kwenye flashi, zimeandikwa kwa Word, nami nazigeuza kuwa kurasa za HTML, yaani msimbo unaosomwa na kivinjari cha tovuti. Siku ya mwanzo mwenyekiti wao aliniambia, "Mwanangu, humu mna mambo ya watu. Yasije yakatoka." Nikamjibu, "Hayatoki, bi mkubwa."

Miezi miwili ya kwanza ile ahadi sikuitimiza, na mpaka leo inaniuma. Nilikuwa natumia kigeuzi cha mtandaoni: unapakia faili, unasubiri kidogo, unapewa msimbo wako. Siku moja nilinakili kiungo cha matokeo nikakifungua kwenye simu ya mdogo wangu, na ripoti ikafunguka yote, bila ya kuulizwa nywila. Pemba ni ndogo. Ukiandika mama wa watoto saba, wa shehia fulani, mumewe yuko Mombasa, watu washamjua hata kama jina hukulitaja. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, na tangu siku ile sijapakia waraka wa mtu popote.

Nikajaribu Word yenyewe, maana inaweza kuhifadhi waraka kama ukurasa wa tovuti. Siri inabaki, lakini msimbo unaotoka unachosha. Kila aya imebandikwa jina la mtindo wa Word, MsoNormal, kila sentensi imezungushiwa alama za span za rangi na fonti, na juu yake mna rundo la mistari inayoanza na mso ambayo msomaji haimfai kwa lolote. Ripoti ya kurasa sita ilinitokea kilobaiti 110. Wanaozisoma ripoti hizi wanazifungua kwa simu, kwa bando la kununua kidogo kidogo. Ipo namna ya pili ya kuhifadhi, iliyochujwa, na inapunguza kweli, lakini mitindo mingi inabaki, nami nikawa nakesha kuifuta kwa mkono.

Pandoc niliipata kwa rafiki yangu aliyesoma Unguja. Ni programu ya bure ya kugeuza nyaraka kutoka aina moja kwenda nyengine, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina dirisha la kubofya. Unafungua dirisha la amri, unaingia kwenye folda yako, unaandika:

pandoc ripoti.docx -t html --wrap=none --extract-media=picha -o ripoti.html

Unabonyeza Enter, na kabla hujanyanyua kidole faili liko tayari. Ripoti ile ile ya kilobaiti 110 ilitoka 19. Ndani mna h2, p, ul, table, yaani alama za kichwa, aya, orodha na jedwali, basi. Aya tupu ambazo watu huzipiga ili kuacha nafasi zimeondoka. Bismillahi ya Kiarabu juu ya ukurasa ilitoka na herufi zake zote; nilichofanya ni kuhakikisha tu kuwa kipande kile kina dir="rtl", ili kisomwe kutoka kulia kwenda kushoto.

Kuhusu siri, sikutaka kuamini maneno. Nilizima Wi-Fi, nikachomoa modemu, nikaendesha amri ile ile. Ikafanya kazi vile vile. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima, mimi niliendelea kugeuza ripoti mezani kwangu.

Kuna jambo ambalo kila anayepakia mafaili ya Word mtandaoni angepaswa kulijua. Faili la docx, yaani la Word, ni zip: kifurushi chenye mafaili mengine ndani yake. Libadilishe mwisho wa jina liwe .zip, ulifungue, utaona folda ndani yake. Katika docProps mna faili la core.xml linalobeba jina la aliyeuanzisha waraka na la aliyeuhifadhi mara ya mwisho. Kama mtu alikuwa akisahihisha huku Word inafuatilia mabadiliko, na mabadiliko hayo hayajakubaliwa, basi hata sentensi alizozifuta bado zimo. Katika ripoti moja nilikuta jina kamili la mama mmoja ndani ya sentensi ambayo katibu alidhani ameshaifuta. Ukipakia faili kama hilo, unapakia na hayo. Pandoc usipoiambia vyengine huyachukulia mabadiliko kuwa yamekubaliwa: kilichofutwa hakitoki kwenye ukurasa, wala maoni ya pembeni hayatoki.

Lakini picha nazo ziangalieni sana. Katibu alitia picha ya mkutano, akaikata pembeni ndani ya Word ili msichana mmoja asionekane. Nilipogeuza, picha kwenye folda ya picha ilitoka nzima, na msichana yumo. Word ukiikata picha huificha tu ile sehemu mpaka uiambie iifute kabisa, na Pandoc inaitoa picha yote kama ilivyohifadhiwa. Nilimuona kabla sijaiweka hewani, alhamdulillahi. Sasa picha nazikata nje ya Word kwanza, kwa programu ya picha, ndipo nazirudisha, na folda ya picha naifungua moja moja kabla ya kuweka chochote.

Kinachosumbua zaidi kinatokana na uandishi wetu. Wengi wetu tukitaka kichwa cha habari tunakoleza maandishi na kuyakuza, tunaona yametosha. Pandoc inasoma mtindo uliotumika, ukubwa wa herufi haiujali. Kichwa kilichokolezwa tu kinatoka kama strong, yaani maandishi yaliyokolezwa, ndani ya aya ya kawaida. Kilichowekewa mtindo wa Heading 2 kinatoka h2. Orodha nazo, ukiandika nambari kwa mkono, zinabaki aya. Nilikaa na makatibu wawili alasiri moja, tukanywa chai na mandazi, nikawaonyesha kibonye cha mitindo. Tangu hapo ripoti zao zinatoka safi mara ya kwanza, na nafurahi sana kila ninapozifungua.

Mengine ni madogo. Maandishi ya juu na chini ya kila ukurasa, kama nambari za kurasa, hayatoki, na kwenye tovuti hayahitajiki. Mafaili ya zamani ya .doc haiyasomi, hayo nayafungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, nayahifadhi kama docx, ndipo naendelea. Rangi na kupanga maandishi katikati vinapotea, na kama unataka waraka ufanane na karatasi ile ile, programu hii si yako.

Jirani yangu wa fotokopi naye sasa anaitaka, kwa ajili ya matangazo ya skuli. Amri nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika ukutani juu ya mashine, na chini yake nimemwongezea kwa wino mwekundu: fungua folda ya picha kwanza.