Tahadhari: gari la viti saba lililouzwa likiwa rehani, Coventry na Birmingham

Kama uko Coventry, Birmingham au Leicester, unatafuta gari la familia, na umeunganishwa na kaka mmoja mpole anayejitambulisha kuwa mtu wa Tanga, soma hili kabla hujatoa hela. Jina silitaji, kwa sababu mpaka leo sijui kama alilotupa ni lake, na taarifa iko polisi. Naeleza tu anavyofanya.

Mimi nilitangulia Uingereza Septemba kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, mume na watoto watatu wakafuata Januari. Kazi hii bila gari haiendi. Nyumba ya kwanza natakiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Jumapili saa hiyo hata basi halijaamka. Halafu hapa mtoto lazima akalie kiti chake mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, na viti vitatu havienei nyuma ya gari dogo. Nilipima kwa futi ya cherehani, nikakata tamaa. Tukaanza kusaka la viti saba.

Kaka huyu alitufuata mwenyewe WhatsApp. "Shemeji, ugenini huku tusipobebana wenyewe nani atatubeba?" Gari, alisema, ni la mkewe, amerudi nyumbani kuuguza mama yake. Pauni 3,900, taslimu. Tulikutana jioni kwenye maegesho ya supamaketi. Kwake hatukufika, eti mwenye nyumba hapendi wageni. Alikuja na mtoto wake, akamgawia mwanangu biskuti.

Naandika kwa sababu karatasi zote alizotuonyesha zilikuwa halali.

Ukaguzi wa MOT, ule wa lazima wa usalama wa gari, ulikuwa sawa, tena alitutumia ukurasa wa serikali yeye mwenyewe, maili zinapanda mwaka hadi mwaka bila kuruka. Namba ya chesisi kwenye kioo ililingana na ya kwenye kadi ya gari. Mume wangu, ambaye hununui naye hata nyanya bila kuzigeuza, aliinama chini ya gari na tochi akarudi ameridhika.

Kilichotuponza ni kadi. Kwetu ukikopa kwa dhamana ya gari, mkopeshaji anakaa na kadi mpaka umalize deni. Ukimwona muuzaji ana kadi mkononi, roho inatulia. Hapa kadi inaitwa V5C. Kazi yake ni kuonyesha nani anawajibika na gari kwa usajili na kodi ya barabara, na ukurasa wa mbele imeandikwa kabisa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Siku ile maneno hayo niliyaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye namba. Deni halitajwi humo popote. Hata kama mkopeshaji ameshikilia kadi ya kwanza, aliyekopa anaweza kudai imepotea, akalipa pauni 25, akaletewa nyingine. Yetu ilikuwa mpya kama shuka la hoteli. Kaka alisema ile ya zamani mkewe aliimwagia chai, tukacheka.

Tena wiki iliyofuata kadi ikaja kwa posta kutoka Swansea, iliko ofisi ya serikali ya usajili wa magari, jina la mume wangu. Tukapika pilau. Sikujua kwamba ofisi ile haiulizi habari za madeni. Inabadilisha jina tu.

Mwezi wa tatu ikaja barua. Gari limewekwa rehani kwa mkopo ambao huku wenyewe wanauita "logbook loan", aliyekopa ameacha kulipa, salio pauni 2,640. Tulikuwa hatuna hata mia tatu, hela yote ya mchezo ilikuwa imeishia kwenye gari lenyewe. Asubuhi moja bredauni ikaja. Yule bwana hakuwa mkorofi, alinisubiri nitoe viti vya watoto, mwavuli na kanga niliyokuwa nimetandika kiti cha nyuma. Vile viti vitatu vilikaa mlangoni kwetu siku nzima, sikuwa na nguvu ya kuvipandisha juu.

Niliwapigia Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ushauri wao ni bure, na huko ndiko nilikoelewa tofauti ambayo ningeomba kila mtu aijue. Kama gari lilikuwa bado linalipiwa kwa mkataba wa kununua kwa awamu, kuna sheria ya tangu 1964 inayomlinda mtu wa kawaida aliyenunua kwa nia njema bila kujua. Huyo asikimbilie kukabidhi funguo, apige simu kwanza. Lakini rehani hii ya kadi, kwa England na Wales, haina kinga hiyo. Deni linalifuata gari hata likishauzwa.

Kinachoonyesha deni ni ukaguzi wa historia wa kulipia. Unaingiza namba ya gari, na kwa pauni 20 au pungufu unaletewa kama kuna mkopo juu yake. Ulipie mwenyewe, kwa simu yako, siku ile ile ya kununua. Picha anayokutumia muuzaji usiikubali. Sisi alituambia, "Shemeji, hiyo hela si bora mkajaze mafuta?" Mafuta tulijaza.

Na hilo la "gari la mke wangu" lina sababu yake. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha gari bovu na kudai hela yako. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo, kwa hiyo dalali anajifanya mtu binafsi, jambo ambalo ni kosa la jinai. Tafuta namba yake ya simu kwenye matangazo mengine. Mume wangu alipoitafuta, tukiwa tumeshachelewa, alikuta magari manne.

Wiki iliyopita limeongezeka la tano. Viti saba, rangi ya fedha, "la mke wangu, amerudi nyumbani." Kwenye picha, nyuma ya bampa, yanaonekana yale yale matoroli mekundu ya pale tulipohesabiana hela.