Msitu wa Pugu haukunikosea, walionipeleka ndio walionikosea

Nimesubiri hasira ipungue kabla ya kuandika, lakini naona haipungui, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Baada ya mvua za vuli kukatika, mimi na binti wa dada yangu tulilipia matembezi ya siku moja katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, kule Kisarawe, kupitia kikundi cha vijana wanaokusanya watu hapa mjini na kuwapeleka kwa kosta. Kosta ilichelewa na chai ilikuwa imeshapoa. Hayo nimesamehe, maana kwa Dar es Salaam asiyesamehe kuchelewa hatasafiri na mtu.

Nisichoweza kusamehe ni spika. Kijana aliyekuwa akituongoza aliingia msituni akiwa ameining'iniza begani, ikipiga singeli kwa sauti ya juu kabisa. Singeli yenyewe sina ugomvi nayo, kwani sherehe ya mjini bila singeli haijakolea, lakini muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika si wa kupandia kilima chenye utelezi, wala si wa kupeleka mahali ambapo tangazo lao lilituahidi kwa maandishi makubwa kwamba tutasikia ndege na kupumzisha akili. Ule ni msitu wa mwambao, mabaki ya misitu iliyokuwa imeenea pwani hii, tena umeponea chupuchupu mashoka ya wachoma mkaa wanaolisha majiko yetu sisi wenyewe. Humo wamo wanyama ambao mtu hawezi kuwaona popote nje ya Afrika Mashariki, na wote wana masikio.

Mmoja tulimwona. Katika kona moja ya njia, kabla kundi halijatufikia, njule, kamnyama kadogo kala wadudu, alikuwa akifukua majani makavu: mabega yenye rangi ya kutu, mgongo na makalio meusi, na pua ndefu ikichezacheza huku na huku kama kidole cha mtu anayetafuta swichi gizani. Binti alinishika mkono tukasimama bila kupumua. Halafu spika ikatokea nyuma yetu, na njule akaruka mara moja tu, asionekane tena.

Nilimgeukia yule kijana nikamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tafadhali tupunguzie hiyo sauti, tulikuwa tunatazama mnyama." Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akacheka, akasema mbele ya watu wote, "Maza, ukitaka kimya si ungebaki nyumbani kwako?" Wenzake wakacheka. Mimi, niliyelipa kiingilio, nauli na chakula, nikabaki nimesimama kwenye matope nikiwa sina la kusema.

Kilichonichoma zaidi kilitokea mbele kidogo, tulipokutana na mhifadhi akiwa katika sare zake. Alinyoosha kidole tu kuelekea ile spika, wala hakufungua mdomo, na kijana akaizima papo hapo huku akijibu, "Sawa, mkuu." Kumbe kitufe cha kuzimia alikuwa anakijua! Ombi la mama aliyemlipa halikutosha, ila kidole cha mwenye sare kilitosha.

Kuanzia hapo, lazima niseme ukweli, siku iligeuka kuwa nzuri kiasi cha kuniudhi. Tulichungulia mapango yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ambayo sasa yamekuwa makazi ya popo. Kwenye Bwawa la Minaki tulikula pilau iliyopikwa na mtu anayejua kazi yake, huku hondohondo wakiitana juu ya miti ng'ambo ya maji. Na kijana yule yule, ambaye nilikuwa nimeshamwandalia maneno makali, alimbeba mgongoni mtoto wa mwenzetu aliyeumia kifundo cha mguu, akapanda naye mteremko mrefu pasipo kuombwa na bila kulalamika. Pale nilianza kulegea, nikajiambia kwamba pengine nitawapa alama za kati, na kwamba ujana nao ni maradhi yanayopona.

Tulipopanda kosta kurudi mjini, akaiwasha tena spika, wimbo ule ule, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa nyuma ya kichwa changu. Basi, alama za kati nimezifuta.

Anayetaka kwenda, aende; msitu hauna kosa hata kidogo, na ningeweza kurudi kesho. Lakini apande daladala za Gongo la Mboto, aunganishe magari ya Kisarawe, alipie kiingilio huko huko kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kuomba mwongozaji wa pale pale.

Malalamiko yangu niliwatumia hao vijana kwa maandishi, kwa heshima zote. Hawakunijibu neno. Baada ya siku chache wakanitumia tangazo la safari yao ijayo, nami nimo kwenye picha, nimesimama kando ya bwawa nimekunja uso, na chini yake wameandika: "Wateja wetu wakifurahia utulivu wa asili."