Siku tatu kwa mkulima Lushoto: pazuri, ila beba sweta mbili

Haya jamani niliahidi nikirudi nitaandika, nimerudi na vidole ndo vinaanza kupata joto sasa hivi. Mi na mdogo wangu tulilala siku tatu kwenye nyumba ya mkulima mmoja huko mbele ya Lukozi, njia ya kwenda Mtae, mwezi wa saba. Jina la kijiji siweki maana mama mwenyeji alisema kwa mdomo wake wageni wakizidi atashindwa kupika, na mi lawama sitaki.

Usafiri kwanza. Tulipanda basi Mbezi alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka hapo ni safari kama safari zingine. Shughuli inaanzia Mombo mkiacha barabara kuu mkaanza kupanda mlima, kama kilometa 33 za lami hadi Lushoto mjini na zote ni kona tu, huku mwamba huku korongo, na dereva anapiga honi kila kona kama anamsalimia mtu. Dada wa siti ya mbele yetu alishika mfuko wa rambo kuanzia Mombo hadi Soni, kwa hiyo chipsi mayai za stendi ziacheni. Pale Soni maporomoko unayaona hapohapo barabarani. Mjini tukabadilisha gari, tukapita msitu wa Magamba, ukungu umeshuka mpaka konda kafunga vioo vyote mwenyewe bila kuombwa, hapo ndo nikajua sweta yangu moja ni utani.

Sasa chumba. Jamaa aliyetuunganisha (dalali tu, yuko mjini) alituambia chumba self, yaani choo na bafu humohumo ndani, maji ya moto saa zote. Self yenyewe iko nje, hatua kama thelathini gizani, na kwa baridi ile unajishauri weee mpaka kunakucha. Maji ya moto ni ya ndoo, mama anayachemsha kwenye kuni jikoni. Ila ndani ni pasafi mno, nyumba ya tofali za kuchoma, mablanketi mawili mazito, mbu sikusikia hata mmoja, taa ya sola inatosha na simu mnachaji kwa zamu. Mtandao unapatikana sehemu moja, chini ya mti wa peasi nyuma ya banda la ng'ombe, ukienda pale jioni unamkuta kijana wa jirani naye kanyoosha mkono juu. Matunda yenyewe hatukuyakuta, plamu na pichi wanasema mpaka Desemba huko.

Chakula sina la kulalamika kabisa. Asubuhi chai ya maziwa imekolea tangawizi, na viazi mviringo vya kuchemsha bado vinatoa moshi unavinyunyizia chumvi. Mchana ugali maharage na kabichi, na hiyo kabichi mama anabandika sufuria kwanza ndo anatuma mtoto shambani kuikata. Mdogo wangu nyumbani kabichi hali, kule aliomba aongezwe, nimemrekodi nimtumie mama yetu.

Tangazo la yule dalali lilisema "kijiji tulivu cha kupumzisha akili". Utulivu upo kweli, hakuna muziki, hakuna honi, ila wenyeji wenyewe hawajatulia hata dakika. Adhana ya alfajiri inakukuta mama kashawasha moto, ng'ombe kashakamuliwa, na wewe mgeni uliyelipa hela unaona aibu kuendelea kulala. Siku ya pili nikajikuta bondeni na keni namwagilia karoti. Hakuna aliyenilazimisha, ni aibu tu.

Usiku wa siku hiyo Fuso likaja kubeba kabichi. Nakwambia hicho ndo kitu ningelipia tena. Zimevunwa jioni, zimerundikwa pembeni ya njia na majani yake ya nje hayajatolewa ili zisichubuke safarini. Mmoja yuko chini anarusha mbilimbili, mwingine yuko juu ya gari anadaka na kupanga, wanahesabu kwa sauti, mbili, nne, sita, wanapokezana kama wanaimba, sisi tunamulika na simu. Haidondoki hata moja! Nilijaribu kurusha, nikaambiwa kwa upole dada wewe endelea kumulika.

Bei ndo iliniuma. Pale shambani walikuwa wanauza 300 moja, kabichi kama ile gengeni kwetu Dar nilinunua 2,000 wiki iliyopita tu. Na pembeni kulikuwa na magunia ya viazi yamefungwa lumbesa, yaani gunia limejaa halafu linashonewa kilemba juu, bei inabaki ileile ya gunia. Nikamuuliza baba mwenye nyumba, baba, si lumbesa imekatazwa kisheria? Akacheka, akasema "mwanangu, mzani tunao, mwenye gari ndo hautaki".

Siku ya mwisho tukachukua boda hadi Mtae, ule upande mlima unapokatika ghafla, wanasema kukiwa kweupe unaona tambarare za Mkomazi na hata Kilimanjaro. Sisi tuliona ukungu na mbuzi wawili. Mkitaka kuona kitu msiende mwezi wa saba, na msiende masika maana ile njia ya udongo mtailalia.

Malipo: tulimpa dalali elfu 45 kwa kichwa kwa siku, na chakula ndani. Siku ya kuondoka tukipiga stori na mama jikoni ndo nasikia yeye anapewa elfu 20. Mtu anachemsha maji, anapika mara tatu, anakuachia mpaka blanketi la mwanae, anapata elfu 20, na aliyepiga simu moja anakula 25! Nikachukua namba ya mama mwenyewe, kisimu cha batani, anapokea kuanzia saa mbili usiku akishamaliza kazi.

Kina dada bebeni kanga na mtandio, ni kijiji cha watu wa dini. Tochi pia. Na salamu msizikimbize, ukisema mambo halafu ukapita wanakuangalia, unasimama, shikamoo, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, ndo unaenda.

Nyota nne. Iliyokatwa ni ya dalali, choo nimeshakisamehe. Tumerudi na kabichi sita chini ya siti na hadi leo tunazila.